Kapinga kwa Herufi K

Tangu asubuhi Blasius Ndunguru alikuwa hakai. Akikaa kwenye benchi la ofisi ya kilimo pale Mbinga, anainuka. Akitoka nje kulitazama lori, anarudi. Akirudi, anasimama nyuma ya Placidi, karani aliyekuwa akipiga taipu karatasi za mwisho za Bwana Shamba.

"Baba mdogo, unanipumulia kisogoni," Placidi alisema. "Nenda kapakie magunia."

"Nimeshapakia. Umemfikia?"

"Bado."

Karatasi zile zilihusu ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayoshika maji ya mvua mlimani ili udongo usiporomoke. Bwana Harding, ndiye Bwana Shamba mwenyewe, alikuwa anazipeleka kwenye jarida la wataalamu kwao Ulaya, na siku hiyo anakwenda likizo: lori mpaka Mbamba Bay, kisha meli. Jarida lilikuwa na masharti yake, Placidi ameyabandika ukutani. Kila anayetajwa ndani ya maandishi lazima aonekane tena mwishoni, kwenye orodha ya marejeo: jina la ukoo kwanza, herufi ya kwanza ya jina lake, mwaka, kisha kitabu chake, na wote wapangwe kwa alfabeti. Asiye na kitabu, aliyeeleza kwa kinywa tu, anaandikiwa "maelezo ya mdomo".

Hapo ndipo alipotakiwa kuwapo Celestina, mke wa Blasius. Yeye ndiye aliyemtembeza Bwana Harding shambani, akamwonyesha nyasi zinavyolazwa kupitana, jembe linaanzia wapi, udongo unatupwaje juu yake. Bwana anaandika, suruali imelowa mpaka magotini. Masika yaliyofuata homa ikamlaza Celestina. Lori la ofisi lilikuwa uani, limepoa. Blasius akaliomba limfikishe hospitali ya misheni. Mkubwa mmoja akamjibu bila kuinua macho kwamba lori la mazao si la wagonjwa. Wakambeba kwa machela, yeye na shemeji zake, hawakufika. Bwana Harding alikuja msibani akamwambia Blasius kwamba jina la mkewe litapigwa chapa, lisomwe na wataalamu wa dunia nzima. Wakubwa walikuwa wamemwahidi Blasius mambo mengi maishani. Hilo ndilo pekee alilokuwa bado analingoja.

"Haya, huyu hapa," Placidi alisema. "'Ndunguru, Bi. C. Maelezo ya mdomo.'"

Blasius aliinama. Shule aliiacha mapema, lakini jina lake haliwezi kumpotea.

"Huyo ni mimi."

"Ni mama mdogo. Hiyo C ni Celestina."

"Ndunguru ni mimi! Celestina ni Kapinga. Amekuwa Ndunguru lini?"

"Bwana ndivyo alivyoandika. Kwao mke hubeba jina la mume."

"Kwao wabebe hata kitanda. Huku mwanamke anazaliwa Kapinga, anaolewa Kapinga, anazikwa Kapinga. Msalaba wake nimeuchonga kwa mikono hii, umeuona umeandikwaje. Na ngoro hizo kafundishwa na shangazi zake, akina Kapinga wa Namswea. Sisi akina Ndunguru tuna nini? Mimi ngoro zangu alikuwa ananiuliza kama nimechimbia nguruwe malazi."

Placidi alicheka bila kutaka. Mama yake mwenyewe ni Kapinga, ndugu wa Celestina.

"Sasa Kapinga anapanda juu, kwenye K. Wote walio chini wanasogea. Ukurasa mzima nirudie?"

"Rudia."

"Bwana ameshafunga sanduku, zimebaki hizi tu."

"Mwanangu, rudia."

Placidi alichungulia dirishani, akachomoa karatasi, akatia nyingine. Nje Meinrad, dereva, alianza kupiga honi. Vidole vya karani vikakimbia. Bwana Harding aliingia na kofia mkononi, akazikunja karatasi bila kuzisoma, akatoka.

Blasius, ambaye ndiye mpakiaji, alipanda juu ya magunia ya kahawa. Lori lilikuwa limeshashika barabara aliposikia mtu anaita. Placidi alikuwa anakimbia nyuma yao, mikono juu.

"Baba mdogo! Ndani! Ndani ya maandishi bado anaitwa Ndunguru! Anayesoma hatamwona mwishoni!"

Blasius aligonga paa la lori kwa ngumi. Meinrad akadhani anahimizwa, akaongeza mwendo.

Njia nzima ya kuteremkia ziwani Blasius alisimama, akachuchumaa, akasimama tena. Siku ya Celestina lori hili lilikuwa si la wagonjwa. Leo linakimbizwa kwa ajili ya karatasi. Na hata kwenye karatasi wamemkata vipande viwili: maneno yake huku, jina lake kule, na hakuna atakayejua kwamba ni mtu mmoja.

Mbamba Bay meli ilikuwa imesimama mbali, mashua zikipeleka watu na mizigo. Blasius alijitwika sanduku la Bwana, akaingia majini. Bwana Harding alikuwa ameshakaa ndani ya mashua. Maji yalipofika kiunoni, Blasius akasimama.

"Lete," Bwana alisema.

"Bwana, ndani ya karatasi umemwandika mke wangu kwa jina langu. Yeye ni Kapinga. Karani amelitengeneza la mwishoni tu, kwenye orodha."

"Nani kamwambia alitengeneze?"

"Mimi."

Meli ikapiga honi.

"Blasius, kule hakuna anayemjua. Ndunguru, Kapinga, kwao ni sawa."

"Kwangu si sawa. Na masharti yenu yanasema jina la ndani na la mwishoni yafanane."

Kutoka ufukweni Meinrad alipaza sauti: "Blasius! Unaoga au unafanya kazi?"

Blasius hakugeuka. Sanduku lilikuwa kichwani, na shingo ilianza kulemewa. Bwana alilitazama, akayatazama maji.

"Lete. Tutaliandika."

"Sasa hivi."

Likafunguliwa kwenye ukingo wa mashua. Bwana akatafuta ukurasa, akakata Ndunguru, kisha akasita na kumpa Blasius kalamu. Blasius alipangusa vidole kwenye nywele zake, zilizokuwa bado kavu, akaandika KAPINGA kama alivyolichonga msalabani.

"Kubwa mno," Bwana alisema. "Watalalamika."

"Walalamike. Kwingine ameandikwa wapi?"

Bwana akafunua mbele, akamwonyesha.

Mashua ilipoondoka, Blasius alirudi nchi kavu, suruali ikichuruzika. Meinrad akamfungulia mlango wa mbele, kiti cha Bwana kikiwa wazi.

"Haya, umeridhika?"

"Nikiliona limepigwa chapa. Wakubwa hawa, safari ni ndefu, na mpira wa kufutia wanao."

Akapanda nyuma, akasimama, ameshika bomba la ubavuni mwa lori, akiiangalia meli mpaka kona ikaificha.