Jirani wa Chini

Mpiga pasi alikuwa akinyoosha kola ya shati jeupe aliposikia kitu cha moto kikimteremka pajani. Akaiweka pasi pembeni, akaenda chooni nyuma ya duka la dobi, akakuta damu. Damu yake ilikuwa imekoma zamani, hata kabla mumewe hajafariki. Alijifunga kitambaa, akarudi kumalizia mashati yaliyobaki.

Alikuwa akiishi na mwanawe na mke wa mwanawe, katika jengo la wapangaji lenye ngazi nyembamba. Jioni ile alimfuata mkwewe jikoni.

"Mwanangu, sijisikii vizuri. Nina shida huko chini."

Mkwe aliinamisha macho, akaendelea kumenya vitunguu. Alikuwa mwanamke mwenye adabu, hakuuliza chini wapi. "Pole, mama," alisema. "Jipumzishe."

Basi shida ikashuka chini.

Kinyozi aliyepanga chumba cha chini yao alikuwa akila alipoona doa darini, dogo kama kifungo. Kabla hajanawa mikono lilikuwa limetanuka kama sahani na kuanza kudondoka. Alisogeza kitanda, akatega beseni. Alipojilaza, maumivu yakamshika chini ya kitovu yakamkunja. Yalimuuma mahali ambapo mwanamume hana kitu, na hilo halikuyazuia kuuma.

Asubuhi alipanda ngazi akijishikiza ukutani, akabisha hodi.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa usumbufu. Damu yako inadondokea kwangu."

"Marahaba, baba. Nisamehe," alisema mpiga pasi. "Sikujua ingefika mbali hivyo." Akampa beseni kubwa zaidi.

Mwenye nyumba alileta fundi bomba. Fundi aligonga dari, akanusa, akasema mabomba ni mazima, hii ni ya mtu si ya nyumba, akafungasha vifaa vyake.

Wakaishi hivyo. Mpiga pasi alisimama kazini kutwa bila kuumwa. Kinyozi alinyoa akiwa amekaa kwenye kigoda, na wateja wakazoea kuinamisha vichwa. Mpiga pasi alimpelekea chai na vidonge vya kutuliza maumivu.

"Umeamkaje?"

"Leo afadhali, mama."

"Pole kwa kunibebea."

"Ndiyo ujirani."

Lakini aliyekonda alikuwa mpiga pasi, si kinyozi. Kinyozi alipoona hivyo akaenda zahanati. Daktari alimuuliza panapouma. "Si pangu, daktari," alisema. "Ni pa mama wa juu." Daktari akamjibu kwamba jirani hatibiwi kwa niaba ya jirani, mgonjwa aje mwenyewe.

Kinyozi akaufikisha ujumbe, na mwana wa mpiga pasi akaomba ruhusa kazini, akampeleka mama yake. Daktari alikuwa kijana wa umri wa mwanawe huyo. Nesi alisimama karibu na mlango.

"Mama, tatizo ni nini?"

"Huko chini."

"Miguu?"

"Juu kidogo."

"Magoti?"

Mwanawe aligeukia picha ya mapafu iliyobandikwa ukutani. Mapafu yalikuwa na majina yote, kila kipande na mshale wake.

"Juu zaidi, daktari."

"Tumbo?" aliuliza daktari kwa matumaini.

"Chini ya tumbo."

Daktari aliweka kalamu mezani. "Sema tu, mama. Hapa hakuna aibu."

Mpiga pasi alifikiri. Alijua maneno mawili. Moja, uke, alilisikia redioni katika kipindi cha afya. Lilikuwa neno safi, lakini kwake lilikuwa kama shati la mteja: alijua kulinyoosha, hakujua kulivaa. La pili alifundishwa na bibi yake alipokuwa akifundishwa kuoga, pamoja na sikio, kwapa na kisigino, na bibi alilitaja kwa sauti ile ile aliyotajia kisigino. Alipokua akalisikia mtaani likirushwa kama jiwe, daima sambamba na mama wa mtu. Akaliacha. Tangu hapo mahali pale hapakuwa na jina. Hata mumewe alipaita "kwako".

"Ni kuma, daktari," alisema. "Inatoka damu."

Nesi aliufunga mlango. "Mama! Mtu mzima kama wewe, mbele ya mwanao?"

"Si mmesema hakuna aibu?"

"Aibu hakuna," alisema daktari, akijifuta jasho, "ila adabu ipo."

Wakati huo huo, kwenye kibanda chake, kinyozi alinyooka mgongo. Dari ya chumba chake ikakauka. Maumivu yalikuwa yameitwa kwa jina lake, yakarudi kwa mwenyewe. Mpiga pasi aliyapokea pale kitini, yote kwa mpigo, akaung'ang'ania ukingo wa meza.

Hakuna aliyempima. Mwanawe aliomba radhi, akasema ni uzee. Daktari akaandika dawa ya tumbo. Kwenye ngazi za jengo mwana alimgeukia.

"Mama, umenivua nguo mbele za watu."

"Siku ulipotoka humo, mwanangu, hukuwa na nguo."

Alikunywa dawa ya tumbo mpaka ikaisha. Kazini hakurudi. Jioni kinyozi alipanda kumjulia hali, akakaa karibu na mlango, na wakiwa wawili hawakuhitaji maneno: kinyozi aligusa pale palipokuwa pakimuuma yeye, mpiga pasi akaitikia kwa kichwa. Siku moja kinyozi alimsubiri mwana ngazini.

"Kaka, mrudishe mama kwa daktari. Hiyo nimekaa nayo, naijua. Si tumbo."

"Ya mama yangu wewe unayajulia wapi?" aliuliza mwana, na kuanzia siku hiyo mlango haukufunguliwa kwa kinyozi.

Mpiga pasi alifariki kabla mvua hazijakatika. Makaburini mwanawe aliwashukuru waliofika, akawaambia mama aliondoka kwa ugonjwa wa tumbo. Mkwe alilia sana, macho yake yakiwa ardhini.

Kinyozi alifungua kibanda kesho yake. Redio ilikuwa ikitangaza mpira. Golikipa akafungwa bao jepesi, na mteja aliyekuwa kitini, bwana mmoja mwenye tai, akamporomoshea golikipa neno lile lile, pamoja na mama yake. Waliokuwa kwenye benchi wakacheka, mmoja akalirudia kwa madaha, wakacheka tena. Hakuna aliyemkemea mwenzake. Kinyozi aliuinua wembe, akangoja kichwa kiache kutikisika, kisha akaendelea alipoishia, nyuma ya sikio.