Chumba cha Kona

Ramani ya nyumba ya wajane ilitandazwa juu ya meza mbili zilizounganishwa, na kila pembe tukaiwekea kitu ili isijikunje: kufuli, kikombe, simu ya mwenyekiti, na kitabu changu cha sala.

Kamati ya ujenzi tulikuwa wanne. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, mpaka leo akisema jambo anasubiri darasa liitikie. Mchoraji wa ramani alikuwa kijana wa watu, mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Wa tatu ni fundi mwashi tunayemwita Futi, kwa sababu futi yake haitoki kiunoni. Wa nne mimi. Sikuwekwa kwenye kamati kwa elimu, maana niliishia darasa la saba. Akina mama wa kikundi chetu cha sala walisema tu, "Mwekeni yule. Haongei sana, lakini macho yake hayalali."

Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kuandika wajane wazee wasio na pa kukaa. Nilipata kumi na tano. Wa kumi na sita nikajiandika mwenyewe, maana mpakuaji hujipakulia mwisho. Vyumba vilikuwa kumi na sita, na kibali kilisema chumba kimoja mtu mmoja.

Chumba hicho nilikihitaji. Tangu mume wangu afariki, huu mwaka wa pili, naishi kwa wifi yangu, dada yake marehemu. Hajanitesa hata siku moja. Lakini mwanawe anaoa, na chumba ninacholala ndicho alichoahidiwa. Wifi aliniambia akichambua mchele, macho kwenye ungo.

"Wifi, mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa."

"Na hiyo nyumba yenu iwe imeisha. Nyie mnaomba sana, ombeni na saruji ijichanganye yenyewe."

Nilicheka, kwa sababu ilikuwa zamu yangu ya kucheka. Ndani sikusikia kitu. Ndivyo nilivyo siku hizi. Kusali siachi, asubuhi na jioni, lakini ni kama kupiga hodi kwenye nyumba ambayo najua wenyewe wamo. Sichoki kupiga. Wasipofungua pia sishtuki.

Sasa ile ramani. Kiwanja chetu kimepinda kama kiwiko: huku mfereji wa maji ya mvua, kule ukuta wa jirani. Kwa hiyo mchoraji naye alichora nyumba iliyopinda, korido katikati, vyumba huku na huku, mlango wa kutokea mmoja tu, mbele. Wenzangu walikuwa wanajadili madirisha. Mimi nilikuwa nimeweka kidole kwenye chumba cha mwisho kabisa, nikakiburuta taratibu kwenye korido kuelekea mlangoni. Kidole kilipofika kwenye kona nikakisimamisha.

"Korido hii upana wake kiasi gani?" nikauliza.

"Mita moja, mama," mchoraji akajibu. "Mtu na fimbo yake anapita bila wasiwasi."

"Na jeneza?"

Futi alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Mama," mwenyekiti akasema, ile sauti ya kumrudisha mtoto kwenye mstari, "sisi tunajenga nyumba ya watu kuishi."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini wote niliowaandika wamepita miaka sabini. Wataingia kwa miguu yao. Watakaotoka kwa miguu yao ni wangapi?"

Mchoraji alichukua rula akapima kona, akapima tena. "Kusema kweli hili halikuwa kwenye hesabu zangu," akasema.

"Utalihesabu wapi wewe," Futi akamwambia, "na bibi zako wote wazima?"

Futi ana desturi yake. Hachimbi msingi kabla hajaimwaga nyumba yote chini kwa chokaa, kipimo kwa kipimo, na kuitembea kama mpangaji. Mafundi wengine humcheka, wanasema anapika chakula kwenye picha ya sufuria. Kesho yake asubuhi tulimkuta kiwanjani keshamwaga mistari. Kwenye kona akapigilia vigingi na kufunga kamba usawa wa kiuno, pande zote, mahali kuta zitakapokuwa. Pembeni alilaza mlango wa mbao usio na bawaba.

"Huu ndio marehemu wetu wa leo," akasema. "Urefu uleule, upana uleule. Mwalimu, shika miguu. Ukigusa kamba, umegusa ukuta."

Wakauinua, wakatoka chumba cha mwisho, wakaja moja kwa moja kama watu wazima wanaojua njia. Kwenye kona Futi akageuka, mlango haukugeuka. Mwenyekiti akarudi nyuma hatua moja, kamba ikamkata mgongoni. Futi akavuta, ncha ya mbele ikabana upande wa pili. Wakajaribu kuulaza ubavu. Kigingi kimoja kikang'oka.

"Ukuta umeanguka," Futi akasema.

"Jaribuni kuusimamisha," mchoraji akashauri.

Wakausimamisha. Ukapita. Mwenyekiti alikuwa anahema lakini amefurahi. "Si umepita? Na maiti haulizwi sanda, mama. Akiinuliwa kidogo haoni."

"Yeye haoni," nikasema. "Sisi tunaona."

Nikawaeleza, kwa sababu walikuwa wananitazama. Mume wangu alifia kwenye chumba cha kupanga, mwisho wa korido kama hii. Vijana wanne walimbeba. Kwenye kona wakashindwa, wakarudi, wakajaribu, mwisho wakamsimamisha. Akawa amesimama mbele yangu ndani ya sanduku kama mtu aliye kwenye foleni. Mtu aliyekuwa hajasimama kwa miezi saba. Wakati wanamgeuza, kichwa kiligonga mbao kwa ndani, mara moja. Nilisikia. Wifi yangu alikuwa nyuma yangu, naye alisikia. Hatujawahi kulizungumza.

Nilisema yote hayo kwa sauti ya kuelezea njia ya kwenda sokoni. Futi alivua kofia.

"Kuna dawa gani?" mwenyekiti akamuuliza mchoraji.

Mchoraji alichuchumaa kwenye chokaa, akaonyesha kwa kalamu. Kutanua korido nzima haiwezekani, mfereji uko hapo. Kutoboa mlango wa pili kule mwisho, ni ukuta wa jirani.

"Na ghorofa?" mwenyekiti akauliza.

"Ghorofa kwa magoti ya bibi wa miaka themanini?" Futi akasema. "Hapo mwalimu umejenga gereza."

"Iliyobaki ni moja," mchoraji akasema. "Chumba cha kona kiondoke. Pabaki wazi, jeneza lipate pa kugeukia. Vyumba vinabaki kumi na tano."

Mwenyekiti alitoa orodha mfukoni, ile niliyoandika kwa mkono wangu. Akashuka nayo kwa kidole mpaka chini. Halafu akavua miwani.

"Mama. Wa mwisho ni wewe."

"Najua."

"Jana unauliza habari ya jeneza, ulikuwa unajua?"

"Kidole kilipofika kwenye kona nilijua. Ndipo nikauliza."

"Kwa nini hukunyamaza basi?" Alikuwa karibu kukasirika. "Nani angejua?"

Nilifikiri kidogo. Nilitaka kumpa jibu la dini, maana nalijua, lakini halikuja. "Ningepita hapo kila siku, mwalimu," nikasema.

"Tunaweza kumwomba mmoja wa hawa asubiri. Huyu wa kumi na tano, kwa mfano."

"Huyo analala jikoni kwa watu. Wakiamka kuwasha moto anatoka nje."

"Wa kumi na nne?"

"Haoni. Mwalimu, niliwaandika mimi. Nawajua."

Mwenyekiti akamtazama Futi, Futi akatazama mlango uliokuwa bado umesimama, akaulaza chini polepole kwa mikono miwili. Mchoraji akaandika. Saa nne ramani mpya ilikuwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, na tukatia sahihi wote wanne. Mwenyekiti alipiga mstari chini ya jina la kumi na tano. Langu hakulikata. Akaliacha hapo chini ya mstari, peke yake.

"Akitoka mmoja, unaingia wewe," akasema, na palepale akajua alichosema, akaanza kutafuta miwani iliyokuwa mkononi mwake.

"Asante, mwalimu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Wifi alikuwa uani anaanua nguo.

"Haya, mheshimiwa wa kamati," akanipokea. "Umenipa chumba namba ngapi nije kukutembelea?"

"Sina chumba. Kimeondolewa."

"Kimeondolewa na nani? Hao wazee wamekuzunguka? Niende nikawaone mimi?"

"Mimi ndiye niliyesababisha. Korido ilikuwa na kona. Jeneza halipiti."

Alikuwa ameshika shuka. Aliendelea kuishika. Nilidhani atasema nimejichongea mwenyewe, na angekuwa na haki. Alikunja shuka mara mbili, akaikunjua, akaikunja upya.

"Wakasema watamsimamisha?" akauliza.

"Ndiyo."

Akaketi kwenye ngazi ya mlango. Akalia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa ile shuka safi. Mimi nilisimama na kapu lake la nguo. Nilimtazama akilia kama mtu anayetazama mvua kwa jirani.

"Ule kwanza," akasema baadaye, akainuka.

Tulikula. Akaniongezea bila kuniuliza. Tulipomaliza akakusanya sahani, akazishika mapajani.

"Wifi, mwezi wa kumi uko palepale. Siwezi kumwambia mtoto aje na mkewe walale sebuleni."

"Sikukuomba."

"Ndilo linaloniuma, kwamba hukuomba."

Nilimpokea sahani, nikaenda kuziosha. Nilisali sala ya jioni, maneno yote, hakuna nililoruka. Nilipofika mahali pa kuomba haja yangu nilitafuta, kisha nikawataja wale kumi na tano kwa majina na kufunga.

Halafu nikavuta sanduku langu kutoka chini ya kitanda. Nikaanza kupanga vyombo ndani yake, kwa sababu nguo bado nilikuwa nazivaa.