Daraja la Tyubu

Watu wa Kakuma wananijua kwa mambo mawili: pancha na mdomo. Gari lako likichechemea karibu na soko la Wasomali, uliza tu Istahil yuko wapi, hata mtoto mdogo atakuleta. Marehemu mume wangu aliniachia kompresa moja, vyuma viwili vya kubandulia tairi, matairi matatu makuukuu ya kukalia, na binti mmoja, Filsan. Kompresa ilikufa mwaka uliofuata, nikanunua nyingine. Binti nilimwekea sheria moja tu: asiguse kazi yangu. Mikono yako ni ya kalamu, nilimwambia. Akisogea namfukuza kwa chochote kilicho karibu, na mara nyingi kilicho karibu ni kandambili.

Basi fikirieni nilivyowaka siku mwalimu Kamande, anayefundisha fizikia shuleni kwa binti yangu, aliponipitia dukani kunipa habari kwamba Filsan amekuwa mwenyekiti wa klabu ya sayansi.

"Huko wanafanya nini?" nikamuuliza.

"Wanafungua mota, Mama Filsan. Injinia Jessica anatoka Lodwar kila muhula na sanduku la vifaa. Anawapa, anawaambia fungueni."

"Nimtoe kwenye spana za baba yake, nyinyi mumrudishie spana za serikali?"

"Si za serikali," akasema Kamande, kana kwamba hapo ndipo palipokuwa na shida.

Jioni Filsan akanieleza mwenyewe. Siku ya kwanza, alisema, wanafunzi wote walikaa na mikono mapajani, wakimtazama injinia. Hakuna aliyeamini kwamba kweli wanaruhusiwa. Nakeno, rafiki yake, akauliza, na tukiharibu? Yule injinia akamjibu: mkiharibu mtakuwa mmejua pale panapoharibika. Nililipenda jibu hilo. Sikumwambia Filsan, nisije nikampa kichwa.

Lakini klabu ilikuwa na adui, nayo ni mahindi. Kila mwaka shule hushindana Lodwar, na miaka miwili mfululizo watoto wetu walirudi mikono mitupu. Mwalimu mkuu akachoka. Akatangaza kwenye gwaride la asubuhi kwamba mwaka huu wakirudi bila ushindi, chumba cha klabu kitageuzwa ghala la mahindi ya chakula cha mchana, na sanduku la injinia lipelekwe shule nyingine. Filsan hakulia, si mtu wa kulia. Aliacha kula. Siku ya pili nikamsukumia sahani nikamwambia, kula, kwani ni chumba tu.

"Hooyo," akaniambia, ndivyo anavyoniita mama kwa Kisomali, "kile chumba ndicho mahali pekee duniani ambapo sioni aibu kuuliza."

Hapo nikaacha kumsukumia sahani.

Mwaka huu shindano lilikuwa daraja. Ujenge kwa kitu chochote ulichonacho nyumbani au kilichomo sandukuni, usinunue. Linawekwa kati ya meza mbili, linaning'inizwa jerikeni, maji yanamiminwa mpaka daraja lianguke. Timu yetu ilikuwa ya wasichana watatu: Filsan wangu, Nakeno, ambaye kwao ni Nakalale na anakaa kwa shangazi yake mjini, na Ayuen, binti wa Mabil, yule bwana mrefu wa Sudan Kusini anayeuza chai mkabala na duka langu. Walikata fito za mathenge, ule mti wa miiba uliojaa huku, wakazimenya, wakaziunga kwa ile gundi inayoyeyushwa kwa bastola ya umeme. Wiki tatu. Daraja likatoka jeupe, limenyooka, zuri wallahi.

Sasa sikilizeni nilivyoliharibu.

Siku ya safari, Jumamosi, mimi na Mabil tulikwenda kama wazazi. Kamande alitaka daraja likae ndani ya pikapu, mapajani mwa watoto. Nikamwambia, mapajani? Lami ipo, sawa, lakini mbuzi wa njia hii wanajua lami? Ukifunga breki moja daraja limekwisha. Mwalimu, wewe jua fizikia yako, mzigo niachie mimi. Nikalitia daraja kwenye sanduku, nikaliweka nyuma, nikalifunika turubai jeusi vumbi lisiingie, nikalifunga kwa tyubu. Tyubu ni ule mpira wa ndani wa tairi. Nikiukata vipande virefu hakuna kamba inayoushinda. Vipande vinane. Nikakipiga kifurushi changu kofi, nikasema, hili halitikisiki.

Na kweli halikutikisika. Saa tatu tulikuwa Lodwar, mlinzi wa lango anatusalimu kwa Kiturkana, ejok, tunaitikia ejok-noi, kila mtu anacheka. Wageni wa heshima wakahutubu mpaka saa saba. Pikapu imeanikwa juani muda wote huo, na jua la Lodwar halina adabu. Wasichana walipofungua turubai, harufu ndiyo iliyotangulia. Gundi ilikuwa imeyeyuka kama samli. Daraja la wiki tatu limelala ndani ya sanduku, rundo la kuni.

Ayuen akashika kichwa. Nakeno akakaa chini palepale. Filsan alilitazama turubai jeusi, kisha akanitazama mimi, mara moja tu, akageuka. Heri angenitukana.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema Kamande, na sauti yake mwenyewe haikumsadiki. "Kila timu ina dakika arobaini za matengenezo. Bebeni, twendeni."

Uwanjani walikuwa wamevuta kamba ya manjano. Wazazi nyuma yake. Injinia Jessica, mwanamke mfupi mwenye kofia kubwa, akashika kipaza sauti. "Mzazi akigusa kazi ya mtoto, au akitamka neno lolote la kusaidia, timu hiyo inatoka." Alisema huku akinitazama mimi. Nani alimwambia habari zangu? Nashuku Kamande.

Nikakaa nyuma ya kamba. Mimi, Istahil, niliyewahi kumnyamazisha dereva wa trela na utingo wake kwa pamoja.

Wakaanza kuunga upya kwa gundi ileile. Haikauki! Kwenye joto lile gundi inavutika kama ubani mdomoni. Dakika kumi zikaenda. Na vile vipande vyangu vya tyubu, vyote vinane, vimelala mchangani miguuni pa Filsan. Akavisukuma kando kwa kiatu ili apate nafasi ya kusimama. Nikahisi moyo unanichomoka. Tyubu, mtoto wewe! Tyubu hiyo hapo! Lakini mdomoni halikutoka neno, maana neno moja lingeyapa mahindi kile chumba.

"Mama Filsan, geuza kichwa," Mabil akaninong'oneza. "Wewe uso yako inaongea. Hao watatoa sisi kwa sababu ya uso."

"Niache."

"Macho pia. Macho inapiga kelele."

Nikauma ncha ya mtandio wangu, nikaushikilia kwa meno.

Nakeno ndiye aliyeinama akaokota kipande kimoja. Akakivuta, kikavutika, akakiachilia, kikarudi. Akamtazama Filsan. Filsan akamtazama yeye. Alhamdulillahi, nikasema moyoni, wameona. Wakaanza kufunga fito kwa mafundo, fundo juu ya fundo, kama wanavyofunga mzigo wa kuni. Nikafa mara ya pili. Mpira haufungwi fundo! Fundo la mpira huteleza, fundi yeyote anajua. Wakaliinua daraja, likafunguka lote. Wakafunga tena, likafunguka tena. Zilibaki dakika kumi na tano, na dawa ninayo mimi, nimeikalia kimya kama bubu.

Filsan akasimama. Akafumba macho, kama mtu anayetafuta kitu kwenye chumba chenye giza. Halafu akavua kiatu.

Akakanyaga ncha moja ya mpira kwa mguu mtupu. Ncha ya pili akaitia kwenye meno ya upande wa kushoto. Akavuta mpaka mpira ukawa mwembamba, akazungusha fito mbili juu yake, mzunguko juu ya mzunguko, na ule wa mwisho akauachia uwazi kwa kidole gumba. Akapenyeza ncha chini yake, akatoa kidole, akaachilia. Mpira ukajibana wenyewe. Fundo hakuna.

Ni yangu hiyo. Meno ya kushoto, kwa sababu la kulia la mbele limelegea kwa kazi hiyohiyo. Kidole gumba, vilevile. Sikumfundisha hata siku moja. Miaka sita nimemfukuza kwa kandambili, huyu mtoto aliniona kutoka wapi?

"Mama Filsan," Mabil akasema taratibu, "hiyo meno ni ya kwako. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Nikamkanyaga mguu, lakini machozi yalishanitoka.

Akawaonyesha wenzake mara moja. Ayuen akashika fito, Nakeno akachana vile vipande kwa wembe vikawa vyembamba na vingi, Filsan anafunga. Filimbi ilipolia, daraja lilikuwa limesimama. Baya! Jeusi, linanuka tairi, limejaa vinundu. Mwalimu wa shule nyingine akauliza kwa sauti kama hilo ni daraja au kiota cha kunguru, watu wakacheka. Uso wake ninao mpaka leo. Siku atakapopata pancha njia ya Kakuma, tutaonana.

Shule nyingine zote sita zilishapimwa. Iliyokuwa ikiongoza ilibeba lita kumi na sita kabla daraja lake halijakatika vipande. Wakaning'iniza jerikeni kwenye letu, wakaanza kumimina kwa jagi. Lita tano, kimya. Lita kumi, likaanza kupinda. Watu wakapiga kelele, limekwisha!

"Kupinda si kuanguka," akasema Injinia Jessica. "Mimina."

Kumi na tatu. Kumi na tano. Daraja limepinda kama mgongo wa punda aliyezeeka, linalia kwii, kwii. Filsan amepiga magoti kando yake, uso karibu na vifungo, haangalii maji. Kumi na sita. Kumi na saba! Ayuen akaanza kurukaruka papo hapo. Ishirini, jerikeni ikajaa mpaka shingoni, na daraja bado lipo. Hapo likatokea jambo ambalo waamuzi hawakulitarajia: hawakuwa na jerikeni ya pili. Ikabidi mtu akimbie jikoni akalete ndoo, na daraja letu likangoja na lita zake ishirini mpaka ndoo ikaja.

Lilianguka kwenye lita ishirini na nane. Injinia akainama, akaligeuza mkononi, akawaita waamuzi wenzake. Ufito mmoja ndio uliokatika katikati. Vifungo vyote vilikuwa vimeshika.

"Nani aliwafundisha kufunga hivi?" akauliza kwenye kipaza sauti.

Filsan akajifuta vumbi magotini.

"Hakuna aliyenifundisha, madam. Mama alinikataza."

Watu wakaangua kicheko. Hakucheka yeye. Akageuka, akaninyooshea kidole mbele ya shule saba na wageni wote wa heshima.

"Mama yangu ni yule pale. Ni fundi wa pancha Kakuma. Kila jioni nilikuwa nafanya kazi ya shule mlangoni pake. Alifikiri naangalia daftari."

Injinia Jessica akaja mwenyewe, akainua ile kamba ya manjano juu ya kichwa changu. "Mama, sasa unaruhusiwa kuongea."

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mabil amelisambaza hilo kambi nzima ya wakimbizi, kwamba yeye kwa macho yake alimwona Mama Filsan akikosa neno, na siwezi kumwita mwongo. Nilijivuna, nasema wazi, nilijivuna mpaka kifua kikaniuma. Nikamshika yule mtoto mikono yote miwili. Ilikuwa nyeusi kama yangu.

Njiani kurudi, kombe limekaa mapajani mwa Nakeno, nikajikaza. "Filsan. Ni mimi niliyeipika ile gundi."

"Najua, hooyo. Injinia alitaka tuandike sababu. Nimeandika, joto chini ya turubai jeusi."

"Umeandika jina langu?"

"Nimeandika fundi mmoja." Akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Muhula ujao tutapima ni joto kiasi gani. Turubai lako tutaliazima."

Jumatatu mwalimu mkuu alitafutia mahindi yake mahali pengine. Siku hiyohiyo mchana akaja Bare, dereva wa lori la Lokichoggio, mzigo umemlegea, ana haraka kama kawaida yake.

"Mama Filsan, njoo unifungie, nimechelewa."

"Keti unywe chai. Injinia anatoka shule saa kumi."

"Injinia gani? Hapa pana injinia?"

Nikamwonyesha tairi la nne la kukalia, la Filsan, nililoliongeza Jumapili, sambamba na langu.