Limeshauzwa

Dukani kwa shangazi yangu kuna karatasi ngumu za aina tatu, zilizoandikwa kwa kalamu nene nyekundu. Ya makabati inasema LIMESHAUZWA, ya vitanda KIMESHAUZWA, ya meza IMESHAUZWA. Mwandiko ni wangu. Tunatengeneza samani na kuziuza papo hapo, na karatasi hizo zinauza kuliko mdomo wangu, ingawa mdomo wangu nao si haba. Ndio ulionipa jina la Msasa.

Kabati likikaa miezi mitatu bila kutupiwa jicho, shangazi haniambii nilipanguse vumbi. Ananiambia, "Msasa, liozeshe, lipate mume." Basi nalibandikia karatasi. Kabla ya saa sita mchana atatokea mtu, atayapita makabati sita yasiyo na mwenyewe, atasimama mbele ya lile. Ataligonga. Atavuta droo. "Hili kalichukua nani?" Nitampa pole, nitamwambia mwenyewe anakuja kesho, na hapo macho yatamtoka.

"Binadamu hataki kabati," shangazi husema mteja akishatoka. "Anataka kabati la mwenzake."

Sharti la mchezo huu ni moja, na alinifundisha kwa kunifinya sikio: usithubutu kusema kwamba yule mteja wa kwanza amelikataa. Sema utampigia simu, utambembeleza, utaona. Ukisema amelikataa, huyu wa pili atarudi nyuma hatua mbili na kuuliza lina kasoro gani. Kabati ni lilelile na mbao ni zilezile, lakini hutamuuzia tena.

Nimeucheza mchezo huo miaka kumi na moja. Wazee walisema mganga hajigangi, nami nilikuwa nikidhani wanawasema waganga.

Fundi Vioo alikuwa akija kila Jumanne kukata vioo vya milango ya makabati. Mtu wa makamo, mpole, penseli juu ya sikio. Kila alipolaza kioo mezani, pete yake ya ndoa ilikigonga, ti, kisha ndipo akaanza kupima. Mimi nilikuwa nyuma yake nikisugua mbao, na niliposikia mlio ule nilijiambia: huyu kuna mtu amemkubali. Kuna mwanamke aliyemkagua ndani nje, akavuta droo zote, akaridhika.

Nisiwe mnafiki, hakuwa wa kwanza. Kabla yake kulikuwa na mwalimu mwenye mke, na baada ya mwalimu, dereva mwenye mchumba. Katikati yao alipita karani wa ghala la mbao, kijana safi, hana mke wala mchumba, akija kunisalimu kila Jumamosi huku mimi napiga miayo. Nilimshuku. Kama ni mzuri hivyo, mbona hajachukuliwa? Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka thelathini na saba na sijachukuliwa, lakini swali hilo sikujiuliza hata siku moja.

Nikaanza kupaka wanja siku za Jumanne. Nikamshawishi shangazi kwamba hata makabati ya jikoni yanahitaji vioo.

"Kabati la sufuria liwe na kioo?" akashangaa. "Sufuria zijitazame?"

"Ndiyo mtindo wa sasa, shangazi."

"Mtindo wa nani? Wa sufuria au wako?"

Hata hivyo aliniachia, na Fundi Vioo akawa na kazi ya kutwa nzima. Nilimpelekea chai na kumuuliza, "Mama watoto hajambo?"

"Hajambo," alijibu, akainamia kioo chake.

Ufupi ule niliuona heshima. Mwanamume anayemsitiri mkewe namna hiyo, akinisitiri mimi itakuwaje? Nikaanza kumtengeneza mwanamke yule kichwani mwangu. Nikampa shingo nzuri na sauti ya chini. Nikampa mikono inayojua kupiga pasi, maana mashati ya mumewe hayakuwa na kunyanzi hata moja. Kadiri nilivyompamba, ndivyo mumewe alivyozidi kupanda machoni pangu. Na mume wa mwanamke kama huyo akinitazama mimi, basi mimi si mtu wa hivi hivi! Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Nilimpenda, sikatai, lakini pia nilitaka kumshinda mtu.

Akaanza kunitazama. Akawa anakawia kufunga vifaa vyake, ananiuliza mgongo unaniumaje baada ya kuinama kutwa. Siku moja akanipa kioo kidogo cha mkononi alichokikata kutoka kwenye vipande vilivyobaki. Kingo zake zote alizisugua mpaka zikawa laini.

"Usije ukajikata," alisema.

Shangazi aliona. Shangazi huona kila kitu, halafu hujifanya anapekua misumari.

"Msasa, huyo ana karatasi."

"Naiona, shangazi."

"Karatasi hizo si unaziandika wewe?"

Nikanuna siku mbili.

Kisha ikaja Jumanne moja akalaza kioo mezani na sikusikia kitu. Nikainua kichwa. Kidoleni mwake palikuwa na alama tu, imezunguka kama ile inayobaki ukutani ukiondoa saa.

"Nina neno nawe," akasema. Aliweka penseli chini. "Mke wangu aliniacha. Sasa ni mwaka wa nne. Ulipokuwa ukiniuliza nilikujibu hajambo, na si uongo, huko aliko nasikia hajambo. Lakini nimechoka kujificha nyuma ya pete. Ukiniruhusu, nije nizungumze na shangazi yako kwa heshima zote."

Yale niliyokuwa nikiyaota wakati nasugua mbao ndiyo hayo, tena hayana dhambi ndani yake, hayana mwanamke wa kulia. Ningepaswa kurusha msasa juu. Badala yake nilirudi nyuma. Kisigino kikagonga mguu wa kitanda, ndipo nikajua nimepiga hatua mbili.

"Kwa nini alikuacha?" nikauliza.

Kuna namna ya kuuliza hivyo inayompa mtu pole. Yangu haikuwa hiyo. Sauti niliyoitoa naijua, naisikia dukani kila wiki, na aliisikia naye.

Alirudisha penseli juu ya sikio. "Swali hilo ndilo lililonifanya niivae miaka yote hii," akasema. "Nikiwa bila pete, watu waliniuliza hilo hata kabla ya jina. Nikadhani wewe, unayeshinda na mbao, utaangalia mbao."

Hakulisema kwa hasira. Alimaliza vioo viwili vilivyobaki, akafunga vifaa vyake, akaaga. Ningeweza kumwita. Ngoja, ni neno dogo sana. Nilisimama nikiusubiri moyo wangu urudi ulipokuwa asubuhi ile, na haukurudi. Mikono yake ilikuwa ileile, na upole wake uleule. Kilichokuwa kimeondoka ni mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, na bila yeye nilishindwa kujua namtakia nini mtu huyu. Niliona aibu, na aibu nayo haikunisogeza.

Tangu hapo vipimo tulimpa kwa simu, na vioo vikaletwa na mchukuzi vikiwa vimeshakatwa.

Miezi mitano baadaye aliingia dukani kama mteja. Alikuwa na mwanamke mnene, mcheshi, mwenye viatu vya bapa. Mwanamke huyo alivipita vitanda vyote vyenye karatasi bila kuzisoma, akasimama kwenye kimoja kilichokuwa pembeni, hakina chochote. Akapiga magoti. Akakagua chaga moja moja kwa kiganja, akanusa mbao, akanyanyua uso.

"Hiki kimesuguliwa na nani?"

"Na mimi," nikasema.

"Una mkono mzuri, dada. Tunakichukua hiki."

"Hujambo, Msasa," akasema Fundi Vioo.

"Sijambo. Hongereni."

"Asante. Harusi ni wiki ijayo. Tutakifuata Ijumaa, kiwekee alama kisije kikachukuliwa."

Nilifungua droo nikatoa karatasi ya KIMESHAUZWA, nikaibandika mbele yao. Kwa mara ya kwanza mwandiko wangu ulisema kweli.

Mwanamke yule alikuwa ameshafika mlangoni. "Bwana wee, twende, jua linatuunguza," akamwita. Naye akaenda akicheka, akamshika begani, wakavuka barabara.

Hapo moyo wangu ukaruka. Uliokuwa umelala miezi mitano yote uliruka kama Jumanne za zamani, na lile neno dogo, ngoja, likanijia mdomoni lenyewe. Nikaufumba mdomo kwa mkono wenye vumbi la mbao.

Shangazi alikuwa nyuma yangu. Safari hii hakujifanya anapekua misumari.

"Mwanangu, yule sasa ana mtu."

"Najua, shangazi," nikamwambia, na machozi yakaanza. "Ndiyo maana namtaka."