Mazurka Nyuma ya Nguzo

Mama alikuwa akitia matango chumvi mgeni alipoingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha. Alivua kofia, na badala ya salamu akamkazia macho dada yangu Glafira, toka shingoni hadi kipaji cha uso, kama mtu anayechagua farasi sokoni.

"Uso wa zamani," akasema kwa furaha.

Mama akaweka kisu chini. "Wa zamani ni mimi, baba. Huyu bado hata hajaolewa."

Ikabidi mgeni ajieleze. Aliitwa Rodion Lvovich, mwongozaji wa filamu kutoka Moscow. Walikuwa wanatengeneza filamu ya mapenzi kutoka kile kitabu cha karne iliyopita ambacho shuleni sote tulikisoma kwa kulazimishwa na kukililia kwa hiari. Dansi kuu ingepigwa picha katika jumba la mabwana wa kale, ambalo siku hizi ni nyumba ya mapumziko ya wafanyakazi wa kiwanda cha kitani, na walihitaji watu wa mji wetu waujaze ukumbi.

Tangu siku hiyo mji ulipagawa. Wanaume walifuga sharafa, ndevu za mashavuni, ili wafanane na makabaila, ingawa babu zao walikuwa wakiwaoshea makabaila hao farasi. Fundi wa majiko alimbusu mkewe mkono, mke akamuuliza safari hii amevunja nini.

Glafira hakufanya mzaha. Aliacha shule baba alipougua, na tangu hapo alishona mashuka kiwandani. Watu walimsimamisha njiani kumuuliza habari za foronya tu. Aliniambia anataka jambo moja: aonekane katika filamu ile, uso wake mzima, hata kwa muda wa kupepesa jicho.

Mazoezini hakuna mwanamke aliyetaka kucheza na Yefim Potapich, daktari wa mifugo wa shamba la ushirika. Alikuwa mpole, mkubwa kama kabati, na akicheza mazurka, ile dansi ya kurukaruka ya makabaila, ungedhani anamkwepa fahali. Walimkimbia kwa adabu: huyu goti linauma, yule mume ana wivu. Yefim akabaki katikati ya ukumbi akifungua na kufunga kifungo cha koti.

"Yefim Potapich," Glafira akamwambia, "mazurka yako utacheza na mimi. Nakuahidi."

Wakamuaji wakaanza kulalamika kwamba ng'ombe wamepunguza maziwa kwa mshangao, maana daktari wao alikuwa akifanya mazoezi zizini, amekumbatia reki.

Siku ya kupiga picha ilikuwa ya Julai, jua kali, nasi tumo ndani ya hariri na glavu, theluji ya pamba imebandikwa madirishani. Kabla muziki haujaanza, msichana aliyepangiwa kucheza na mwigizaji wa nafasi ya luteni alizimia kwa kubanwa na nguo. Rodion Lvovich akapita kwenye safu yetu, akamshika Glafira mkono. Sasa yeye ndiye angecheza na luteni, mbele kabisa ya kamera, na angesema maneno mawili matatu kuhusu theluji.

Yefim ndiye aliyesema kwanza, macho chini.

"Nenda, Glafira. Nitacheza na kiti. Kiti hakilalamiki."

Glafira akauliza kama Yefim naye angeweza kusogezwa mbele. Mwongozaji alimtazama yule bwana, akajibu bila ukali kwamba kwa miguu ile mahali pake ni nyuma ya nguzo.

"Basi na mimi niweke nyuma ya nguzo."

"Binti, kule kamera haifiki. Unajua unachokataa?"

"Najua, Rodion Lvovich. Tangu uje nyumbani naiota hiyo kamera. Lakini mazurka hii nimeshaahidi."

Mama, kwenye viti vya wazee, akajifunika uso kwa upepeo wa kuazima. Luteni akapewa binti wa mkuu wa posta, ambaye aliisema theluji vizuri sana, na yumo katika filamu hadi leo.

Muziki ukaanza. Nyuma ya nguzo, pasipofika taa hata moja, Yefim aliinama kwa heshima, akampa mkono, na hatua ya kwanza akamkanyaga. Akaanza kuomba radhi.

"Cheza," Glafira akasema.

Wakacheza hadi mwisho. Na kila mara mwongozaji alipoamuru dansi irudiwe, nao kule gizani, bila mtu kuwahitaji, waliirudia.