Mabenchi Sita

Useremala nilijifunza kwa kufungua viti vilivyovunjika na kuviunga tena. Hakuna aliyenifundisha. Ndiyo maana mwalimu mkuu Arkangelo aliponiomba nifundishe hesabu darasa la nane, nilimwambia sina cheti.

"Ustaz Douglas," akasema, "wenye vyeti wameondoka wote. Wewe unajua kupima?"

Nikasema najua.

"Basi."

Nilikuwa nimekwenda pale shuleni Mangateen kurekebisha mlango tu. Tangu siku hiyo, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi, nilimwachia mwenzangu Waiswa karakana yetu ya Munuki, nikaenda kufundisha sehemu na asilimia bila malipo. Waiswa ni Mganda wa Jinja, na maneno hayamwishi.

"Wewe iko mtu ya ajabu," alinitania. "Mteja nakuja kutafuta kitanda, wewe naenda kugawa machungwa ya ubaoni. Hata hiyo machungwa hawakupi moja!"

Niliendelea kwenda. Nilipenda kuona mkono wa mtoto ukisita juu ya daftari, halafu ukaandika. Zaidi ya hapo sikuwa na sababu.

Katika shule ile kila mtoto huja na kikalio chake. Wenye viti vya plastiki huvibeba kichwani. Wengine hukalia madebe ya rangi au mawe. Darasani mwangu walikuwa kumi na saba, na niliandika kwenye daftari nani amekuja na nani hakuja, kama ninavyoandika vipimo vya mbao. Baada ya wiki nne niliona jambo moja katika maandishi hayo. Kiden alikuja kila siku, lakini kila siku aliondoka saa nne.

Kiden alikuwa na miaka kumi na minne. Nilipowauliza eneo la chumba cha darasa, wenzake walisubiri niwape kanuni. Yeye aliinuka, akahesabu hatua zake kwa urefu na kwa upana, akazidisha, akaniambia jibu na kuketi. Alikosea kidogo tu. Mwaka uliotangulia shule haikuwa na msichana hata mmoja katika mtihani wa darasa la nane. Mwaka huu ni Kiden peke yake aliyebaki, na nilitaka afanye mtihani ule. Ninaliandika hili wazi kwa sababu sikutaka kitu kingine.

Nilimuuliza kwa nini anaondoka mapema.

"Kiti ni cha mama," akasema.

Mama yake aliuza chai kwenye stendi ya bodaboda nyuma ya shule. Alikuwa na viti vinne. Kile cha buluu kilikuja darasani asubuhi, na saa nne, wateja walipoanza kujaa, Kiden alikirudisha. Baada ya hapo hakurudi shule. Sketi ya shule ilikuwa moja, na kukaa chini kwenye sakafu yetu ya udongo kungeichafua.

Kwa fundi, tatizo kama hilo lina jibu. Nilikusanya mbao za paleti kutoka kwenye maghala ya Malakia, nikapima urefu wa magoti ya watoto mmoja mmoja, nikatengeneza mabenchi sita. Waiswa alinicheka kwanza, kisha akashika randa.

"Mimi nafanya hii kwa sababu wewe napiga randa kama mtu nachana nywele," akasema. Tulifanya kazi wiki mbili. Chini ya kila benchi niliandika tarehe kwa penseli.

Siku tulipoyapeleka watoto walipiga makofi, na mvulana mmoja akajilaza juu ya benchi akijifanya mgonjwa, wenzake wakamlilia kama wafiwa mpaka Arkangelo akaja kuwanyamazisha. Kiden aliketi benchi la mbele. Saa nne ilifika, ikapita. Alibaki mpaka saa saba. Wiki ile yote alibaki mpaka saa saba, na ile iliyofuata. Tulimaliza asilimia, tukaanza mizani ya milinganyo. Nilikuwa nikirudi Munuki kwa miguu nikiimba, jambo ambalo si kawaida yangu.

Wiki ya tatu alikosa Jumatano. Wiki ya nne alikuja Jumatatu tu. Wiki ya tano hakuja.

Nikaenda kwa mama yake. Alinifahamu mara moja, maana Kiden alikuwa amenieleza kwake mpaka ndevu. Kiswahili chake alikiokota sokoni Uganda, alipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi.

"Ustaz! Karibu, karibu. Kaa hapa." Akanifutia kiti cha buluu kwa kanga. "Hii kiti wewe ndiyo umenirudishia. Mungu akubariki."

Niliketi. Kiden alikuwa ameinama nyuma ya mkaa, akiosha vikombe kwenye beseni. Aliniangalia, akarudi kwenye vikombe.

"Mama Kiden, sijamwona darasani."

"Ndiyo." Hakuficha. "Zamani asubuhi mimi iko na viti tatu. Watu wa boda wakikuja wane, mmoja anakosa kiti, wote wanaenda kwa yule mwingine kule. Sasa viti iko ine. Wanakaa. Asubuhi saa moja wamejaa. Nimeongeza viti mbili tena. Mkono yangu ni hii miwili tu, ustaz. Nani ataosha?"

Dereva mmoja akasema, "Chai ya hapa imekuwa tamu tangu mtoto aanze kuosha. Zamani tulikunywa na midomo ya jana." Wakacheka. Mama Kiden akacheka pia, akampiga begani kwa kitambaa.

"Lakini mtihani," nikasema.

"Zamani mimi nasema, kiti inaenda shule, mtoto aende nayo, hapa hakuna kazi mpaka saa ine. Sasa kazi iko." Akanimiminia chai yenye tangawizi. "Wewe ni mtu mzuri. Mimi sina ubaya na shule. Niambie wewe, nifanye nini?"

Nilikunywa chai yote. Watoto wengine watatu nyumbani walikula kutoka birika lile. Nimelifikiria swali lake mara nyingi tangu siku hiyo, na bado sina jibu ambalo ningelisema mbele yake.

Nilijaribu kufundishia palepale. Siku mbili niliketi karibu na beseni nikimwandikia milinganyo kwenye karatasi. Alikuwa akianza kutafuta thamani ya herufi, mtu akaita "Binti, sukari!", akaenda, akarudi amesahau upande aliokuwa. Siku ya pili karatasi ililoa maji ya vikombe. Hakulalamika. Alisema tu, "Ustaz, utachelewa kazini."

Majina ya mtihani yalikuwa yafungwe Ijumaa. Kila mtahiniwa alipaswa kuwa na fomu yenye alama ya dole gumba la mzazi, na yeye mwenyewe kufika kuhakikiwa. Arkangelo alinipa fomu ya Kiden, nikampelekea mama yake Jumatano. Alisema ataiangalia.

Ijumaa, saa mbili unusu, nilikuwa ubaoni nilipomwona Kiden akivuka uwanja na kiti cha buluu kichwani.

Niliacha kuandika. Darasa zima liligeuka. Mvulana mmoja akasema, "Malkia amerudi na kiti chake cha enzi!" wakacheka kwa furaha. Mimi pia nilicheka. Niliwaza, basi mama yake amepata njia, amekiachia kiti kije tena.

Alikiweka chini mbele yangu. Mguu mmoja ulikuwa umepasuka tangu juu hadi katikati.

"Mtu mnene alikaa jana," akasema. "Mama anaomba ukishone. Anasema nirudi nacho saa nne, watu wanasimama."

"Na fomu?"

Akatazama viatu vyangu. "Anasema mwaka mwingine."

Mfukoni nilikuwa na koleo, waya, msumari na kiberiti, kama siku zote. Kushona mguu wa kiti cha plastiki ni kazi ya dakika kumi na tano. Unapasha msumari, unatoboa mashimo pande zote mbili za ufa, unapitisha waya na kuukaza. Nilijua pia kwamba nikikivuta kidogo tu kwa nguvu, ufa ungefika chini, kiti kisingekuwa kiti tena, na Kiden asingekuwa na cha kurudisha saa nne. Niliushika mguu ule. Nadhani niliushika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha nikampa Kiden karatasi na penseli. "Kaa. Fanyeni ya nne mpaka ya nane."

Nilitoboa shimo moja baada ya lingine, polepole, kazi ambayo Waiswa angeitukana. Nilichukua saa nzima na robo. Kiden aliketi benchi la mbele na kufanya ya nne, ya tano, ya sita, ya saba. Ya saba hakuna mwingine aliyeipata. Alikuwa ameanza ya nane nilipokaza waya wa mwisho. Saa nne ilikuwa imekaribia, na mama yake alikuwa akisubiri kiti.

Alikijaribu kwa kukikalia, akatikisa kichwa kukubali, akakibeba, akaenda.

Saa saba Arkangelo alikuja na orodha. Aliniuliza kwa macho, nami nikatikisa kichwa kukataa. Akapiga mstari chini ya jina la mwisho kwa rula niliyomtengenezea. Kati ya watoto kumi na saba, majina tisa, wote wavulana.

Bado ninafundisha. Darasani wamebaki hao tisa, hivyo kila benchi lina mtu mmoja au wawili, na wengine hujinyoosha wakati wa joto. Jumamosi kanisa huyaazima, na siku moja yalirudi matano tu.

Nikitoka shuleni napita stendi. Mama Kiden hunipa kiti cha buluu kila mara, kwa heshima. Waya nilioukaza huuhisi kwenye kisigino ninaporudisha mguu nyuma. Haujalegea.

"Sukari ngapi, ustaz?" Kiden huniuliza.

"Mbili."

Huweka mbili, hukoroga, hugeukia mteja mwingine.