Mwanafunzi Aliyetangulia Kuoga

Kuramochi Seiji hakuwa na baba, hakuwa na shahada, hakuwa na saa ya mkononi wala koti lisilo na kiraka. Hakuwa hata na jina. Filamu tatu alizoziandika zilionyeshwa Japani nzima, na zote zilibeba jina la mwalimu wake wa uandishi wa filamu, Hatanaka, peke yake. Sisi tuliosoma naye shule ya usiku Tokyo tulilijua hilo. Alichokuwa nacho ni riwaya, kurasa mia mbili na kumi alizoziandika alfajiri kabla ya kwenda kazini, akitaka kuipeleka kwenye shindano la jarida moja kabla Februari haijaisha.

Mwezi huohuo kampuni ya filamu iliwafungia wawili hao katika nyumba ya wageni Atami, kama ilivyo desturi, wasitoke mpaka mswada wa filamu uishe. Seiji aliificha riwaya kabatini, chini ya magodoro. Kila alasiri Hatanaka alimwambia atangulie kuoga kwenye maji ya moto. Seiji aliona amepewa heshima kubwa. Siku ya sita akajisifu kwa Otsune, mhudumu wa makamo aliyekuwa akipanga samaki kwenye trei.

"Wee kaka, nina miaka kumi na tisa hapa," Otsune akasema. "Mwalimu huoga kwanza, mwanafunzi akaingia baada yake. Wako kakuachia maji mapya siku sita?"

"Ananipenda."

"Au anapenda usiwepo chumbani."

Seiji akakumbuka kwamba juzi mwalimu alileta kwenye mswada tukio la mjane anayefua sare ya mwanawe aliyekufa vitani. Mjane huyo alikuwa kwenye riwaya, ukurasa wa arobaini na moja. Alijiambia wajane ni wengi nchini. Hata hivyo, kesho yake alipoambiwa atangulie, alifika mlango wa bafu tu, akarudi kwa kunyata, nywele kavu.

Hatanaka alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, kurasa mapajani, kalamu mkononi, akinakili. Hakushtuka. Alisema mwanafunzi hana siri kwa mwalimu wake, na kwamba barua ya kumtambulisha kwa mhariri wa jarida la shindano ilikuwa tayari. Akampa bila kuifunga, kama adabu inavyotaka, ili anayeibeba aweze kuisoma akiwa peke yake.

Seiji aliisoma palepale, mbele yake. Ilimsifu sana. Katikati ilisema riwaya hii tuliisuka pamoja.

"Tuliisuka, Mwalimu?"

"Bila jina langu nani atakusoma, kijana? Watauliza huyu katokea wapi."

"Waambiwe nimetoka shule ya usiku."

Aliinama kuaga, akijua hatapata tena kazi kwa Hatanaka, pengine kwa kampuni nzima. Akazikusanya kurasa zake, barua ile akaiacha mkekani. Katika posta ya Atami akaomba kalamu, akaandika mistari minne: jina lake, umri wake, shule yake, na kwamba kila neno ni lake. Akapaka gundi, akabana bahasha kwa kiganja, akachora juu ya ukingo wake alama ya kuonyesha kuwa haijafunguliwa na mtu, akaisukuma dirishani pamoja na kurasa zote mia mbili na kumi, ziende kwenye shindano.